Maswali na Majibu: Windows, Mac au Linux kwa Duka la Steshenari?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la steshenari karibu na chuo hapa Morogoro. Ninatumia kompyuta tatu za mezani nilizozinunua zikiwa zimeshatumika, zote za Core i5 kizazi cha nne na RAM ya GB 4. Tangu Oktoba 2025 zinaniletea ujumbe kwamba huduma ya Windows 10 imefikia mwisho. Fundi wangu anataka kuingiza Windows 11 kwa nguvu, mdogo wangu anasisitiza Linux, na mteja mmoja amenishauri niziuze zote tatu ninunue Mac moja. Naomba mnieleze kasoro za kila mfumo endeshi, maana sifa zake nimezisikia za kutosha. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yetu, tuanze na ujumbe huo unaokusumbua. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama vya kawaida. Kompyuta zako hazijaharibika na zitaendelea kuwaka kama kawaida, lakini tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo huo halitazibwa, isipokuwa umejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza nitakaoutaja mwishoni. Kwa duka linalopokea flashi za watu wasiojulikana kuanzia asubuhi hadi jioni, jambo hilo si dogo. Kirusi cha WannaCry kilichosimamisha shughuli za hospitali nchini Uingereza Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikwisha kulitolea kiraka miezi miwili kabla. Waliodhurika ni wale ambao viraka havikuwa vimewafikia.

Kasoro kubwa kuliko zote ya Windows 11, kwa maoni yangu, ni masharti yake ya kuingia. Inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kampuni iliyotengeneza prosesa zako, inadai prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Prosesa zako ni za kizazi kilichotoka mwaka 2013, na ingawa bado zina nguvu ya kutosha kuandika barua, kuchapa ripoti na kufungua tovuti, zimefungiwa nje ya mlango. Inaniuma kuona mashine nzima inahukumiwa kuwa takataka kwa sharti la karatasi, hasa katika nchi kama yetu ambako kompyuta iliyotumika ndiyo kompyuta ya kwanza ya watu wengi. Fundi wako hakudanganyi, kwani njia za kuyakwepa masharti hayo zipo na zinafanya kazi. Hata hivyo Microsoft haitoi ahadi ya kuzipatia masasisho mashine zilizoingizwa hivyo, na kila toleo kubwa la mwaka linapotoka huenda ukalazimika kumwita fundi tena. Zaidi ya hayo, RAM ya GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa, na ukiifungulia Word na kivinjari kwa pamoja utasubiri mpaka wateja waondoke.

Kasoro ya pili ya Windows inaonekana kwenye bando. Mfumo huu ukidhani kwamba intaneti yako haina kikomo, hupakua masasisho ya mamia ya MB, na mara nyingine GB kadhaa, bila kukuuliza. Kama unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uitambulishe kuwa ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Hatua hiyo peke yake itapunguza sana upakuaji huo.

Kuhusu Mac sina maneno mengi. Ni mashine imara, na mfumo endeshi wake, macOS, umetulia, lakini tangu Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe Novemba 2020, RAM huja imeunganishwa na prosesa na haiongezeki tena. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Zile za zamani zenye prosesa za Intel, ambazo ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini, zimefika ukingoni, kwa sababu Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndilo toleo la mwisho litakalozikubali. Ipo pia kasoro ambayo mwenye steshenari ataiona wiki ya kwanza: diski za nje zilizoandaliwa kwa mtindo wa NTFS wa Windows, Mac huzisoma lakini haiandiki ndani yake. Mteja atakuletea diski umwekee kazi yake, na utashindwa. Kubadilisha mashine tatu kwa moja ya namna hiyo ni kujipunguzia mikono ya kazi.

Linux ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa kuwa sifa zake na kasoro zake zote zinagusa meza yako moja kwa moja. Chukua jambo unalokutana nalo kila siku. Mwanafunzi anafika jioni, anachomeka flashi yenye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, na folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato. Kirusi kimeficha folda halisi na kuweka njia hizo mahali pake, na ukibofya mojawapo kwenye Windows unakiamsha. Flashi hiyohiyo ukiichomeka kwenye Linux, folda zilizofichwa huonekana kando ya zile njia bandia, kwa sababu Linux kwa kawaida haijali alama ya kuficha inayotumiwa na Windows. Unanakili ripoti, unafuta takataka, na mwanafunzi anapumua.

Kazi za kwenye tovuti pia hazibagui mfumo endeshi. Maombi ya mkopo ya HESLB, Ajira Portal na uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa RITA, vyote hufanyika ndani ya kivinjari, na vitafunguka vilevile.

Shida inaanzia kwenye faili za Word. Matoleo mengi ya Linux huja na LibreOffice, programu za ofisi zinazochukua nafasi ya Word na wenzake, ambayo hubadilisha fonti za Calibri na Times New Roman kwa fonti nyingine zenye upana uleule wa herufi, na hivyo ripoti ya kawaida hubaki na kurasa zake. Lakini hati yenye majedwali yaliyopandana au visanduku vya maandishi, au iliyoandikwa kwa fonti ya Aptos inayokuja na Word za karibuni, inaweza kusogea, na wasifu wa ukurasa mmoja ukatoka kwenye printa ukiwa na mistari mitatu ukurasa wa pili. Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, ambayo najua ndiyo inayotengeneza kadi za michango za mitaa mingi, haina toleo la Linux. Wala Photoshop haina. Hata hivyo usijenge maisha yako juu ya Publisher, kwani Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026. Printa nazo zinatofautiana: nyingi hutambuliwa zenyewe, lakini baadhi ya printa ndogo za leza hutegemea draiva (programu ya kuiendesha printa) iliyoandikwa kwa ajili ya Windows tu, na hizo hukataa katakata.

Kwa hiyo, dada, ningekuwa mimi ningezigawa. Mbili ningeziwekea Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa muundo wake mwepesi uitwao Xfce, kwa ajili ya kuchapa, tovuti na kupokea flashi za wateja. Matoleo ya Mint 22 yanahudumiwa hadi 2029. Ya tatu ningeiacha na Windows 10 kwa kadi na picha, nikaiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo unahitaji akaunti ya Microsoft. Kwa mtumiaji binafsi unaweza kuwa bure au dola 30, ila kompyuta za makampuni zina utaratibu na bei nyingine, kwa hiyo soma masharti kwanza. Zote tatu, kama bado zina diski za kuzunguka, zibadilishie SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.

Usimruhusu mtu yeyote kufuta chochote kabla ya majaribio. Mint huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Iwashe hivyo siku ambayo wateja ni wachache, fungua faili kumi halisi za wateja, toa nakala kwenye printa yako, skani ukurasa mmoja. Printa ikikataa, umepoteza saa moja tu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Linux haiingiwi na virusi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kweli. Virusi vya kompyuta za mezani vilivyoandikwa kwa ajili yake ni vichache, lakini Machi 2024 iligundulika kwamba mlango wa siri ulikuwa umepachikwa ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Pokea masasisho ya Linux kila yanapotoka, na usibandike amri uliyoiokota mtandaoni kabla ya kuelewa inachofanya.