Kava la urembo limekaa upande: fundi anajibu

Fundi, shikamoo. Nimenunua kava la kromu la upande wa kushoto wa injini ya pikipiki ya Boxer. Matundu mawili yanakubali, la tatu linagoma. Nilipanue kwa drili? (Dereva wa bodaboda, Mikindani)

Marahaba. Drili iweke pembeni kwanza. Mara nyingi kava halina kosa lolote, ila bolti ya kwanza imekazwa mpaka mwisho kabla nyingine hazijaingia. Legeza zote tatu. Shikilia kava kwa mkono mmoja, kila bolti iingize kwa vidole, mizunguko miwili mitatu tu, spana usiiguse. Zikishashika zote, kava litatafuta mahali pake lenyewe. Hapo ndipo unakaza kwa kupishana, huku kidogo na kule kidogo.

Bolti inayokataa vidole usiilazimishe. Mwili wa injini ni alumini, na meno yake yakichanika gharama ya kuyarudisha inaweza kupita bei ya kava. Bolti ya milimita 6 inatosheka na nyutoni mita 10 hivi. Kama huna spana ya kipimo, shika spana karibu na kichwa cha bolti ili mkono usipate nguvu nyingi.

Tundu likibaki limepishana milimita moja, chungulia uone limeziba upande gani, ulirefushe upande huo tu kwa tupa ya duara. Tundu la kava, si la injini. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaotoboa injini.

Nimepima maandishi ya kava kwa pima maji, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Nimeishusha, maandishi yanapanda kwa mbele. (Lindi mjini)

Stendi kubwa inanyanyua gurudumu la nyuma, kwa hiyo pikipiki nzima ilikuwa imeinamia mbele wakati unapima. Achana na pima maji. Magurudumu yote mawili yawe chini, mtu aishike wima, wewe rudi nyuma hatua chache ulinganishe maandishi na mstari wa chini wa tangi na bomba la fremu. Anayekutazama barabarani analinganisha na hivyo hivyo. Ukiridhika, bandika seloteipu ya karatasi ya wapaka rangi kwenye kingo mbili za kava, ndipo ukaze ukiifuata.

Kava limeongeza unene, bolti za zamani zinashika meno mawili tu. Ninunue ndefu kiasi gani? (Newala)

Ongeza unene wa kava pamoja na washa (pete bapa ya chini ya bolti), basi. Kava la milimita 3 na washa ya 1 ni milimita 4: kama ya zamani ilikuwa 30, chukua 35 na ujazie washa moja zaidi. Ikiwa ndefu mno itagota mwisho wa tundu. Utaona imekaza kumbe kava linacheza, na ukizidisha nguvu alumini inapasuka. Kina kinapimwa kwa kijiti cha ufagio wa chelewa: kichomeke mpaka kigote, weka alama kwa kucha, halafu sehemu ya bolti inayoingia iwe fupi kuliko hapo kwa milimita 2.

Na toa tu zile bolti zinazoshika kava la urembo. Ukifungua zote za injini, gasketi (kizibo chembamba cha kati ya vipande vya injini) inaachia na oili itaanza kuvuja.

Kava linalia nikipiga resi. (Mingoyo)

Kata vipande vya tyubu kuukuu, bandika kwenye kingo zinapogusana na injini. Usiweke raba chini ya bolti inayobana gasketi, wala karibu na ekzosi.

Pikipiki ni yangu, kijana ananiletea hesabu. Anataka kava linaloziba yale mapezi ya silinda, anasema inapendeza. (Mama wa Masasi)

Mama, mkatalie. Injini hiyo inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi. Siku atakayopandisha Newala na magunia ya korosho, joto litakosa pa kutokea. Mruhusu kava la ubavuni, mradi halizibi pa kuangalizia oili na kiki inazunguka bila kuligusa.

Bolti za stenlesi zinafaa huku pwani? (Shangani, Mtwara)

Zenyewe hazishiki kutu upesi, lakini chumvi ikiingia kati yake na alumini, inayoliwa ni alumini na bolti inaganda. Paka grisi kwenye meno kabla ya kufunga. Kila ukiosha pikipiki, mwaga maji yasiyo na chumvi nyuma ya kava pia. Chumvi na vumbi la salfa ya mikorosho hujificha humo.