Kwa nini apuliziwe chavua wakati haumwi?

SWALI: Daktari, baada ya salamu. Mwanangu anasoma Manchester, Uingereza, na kila nyasi za huko zikichanua, mwezi wa Juni, hupiga chafya mfululizo na macho yakamwasha. Sasa ameombwa ashiriki jaribio la dawa ya aleji, lakini atapuliziwa chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi, puani wakati wa baridi, siku ambazo haumwi, na huenda akapewa kidonge kisicho na dawa. Je, huku si kumchezea mtoto wa watu? Na mdogo wake, ambaye hapa nyumbani huamka na chafya mwaka mzima, dawa hiyo itamfaa? Mama, Kisauni.

JIBU: Mama, hofu yako ninaielewa, ila utaratibu huo una sababu. Chavua ya hewani haina kipimo: leo imejaa, kesho mvua imeisafisha, na aliyepata nafuu hajui ashukuru dawa au mvua. Ndiyo maana watafiti husubiri msimu upite, kisha wakampulizia kila mshiriki kiasi kinachojulikana. Baada ya dakika chache histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za aleji, hutolewa na seli za utando wa pua, zikaja chafya, muwasho na kamasi jepesi. Saa kadhaa baadaye pua huweza kuziba tena, na hapo dawa za kuzuia histamini huwa hazina nguvu sana. Mshiriki huipa kila dalili alama 0 hadi 3, na kwa dalili nne jumla ya juu ni 12.

Kwa kuwa alama hizo hutokana na anavyojihisi mwenyewe, matumaini matupu yanaweza kuzishusha, na hapo ndipo kidonge kisicho na dawa kinapohitajika. Mara nyingi mtu yuleyule hupewa vyote viwili kwa zamu, bila kujua kipi ni kipi. (Hukohuko Manchester, daktari Charles Blackley alijijaribia chavua puani mwake, akachapisha matokeo mwaka 1873.)

Lililo muhimu ni aseme wazi kama ana pumu, maana pumu isiyodhibitiwa humwondoa mtu katika jaribio kama hili, aulize dawa zake za kawaida aziache lini, na ahakikishe daktari atakuwepo. Ana haki ya kujitoa wakati wowote.

Kuhusu mdogo wake, chafya za asubuhi mwaka mzima katika unyevu wa Mombasa hunifanya nishuku utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, godoroni kuliko chavua. Mpeleke akapimwe kwanza, na vidonge vya kakake asivitumie.