Watu kwenye TV yako wamekuwa vibonge? Usikimbilie kubonyeza zoom

Aisee huku Mtwara hela ya korosho ikishaingia simu yangu haipumziki. Mtu kauza, kashuka mjini kanunua flati ya inchi 43, ile ya chogo, TV nene ya zamani, kampelekea mama mkwe, ila deki ya DVD ni ileile ya miaka yote na waya ni zilezile tatu nyekundu nyeupe njano, jioni anapiga, "Fundi, mbona humu watu wote wamekuwa vibonge?" Mwingine wake wamekonda wamerefuka. Mwingine matokeo ya mpira pale juu kwenye kona yamekatwa, hajui hata Simba wana ngapi.

Kabla hujashika rimoti tafuta kitu cha duara kwenye picha, saa ya ukutani, sinia, tairi la baiskeli likionekana ubavu. Likiwa duara kweli basi picha iko sawa hata kama ina weusi pembeni, likiwa kama yai kuna mahali imevutwa. Na usimwamini anayesema "mi naona kawaida tu", macho yanazoea haraka sana.

Chogo ilikuwa upana 4 kwa kimo 3, flati ni 16 kwa 9. Sasa chukua harusi ya zamani ya 4 kwa 3 uivute ijae flati, bibi harusi anaongezeka upana kwa theluthi nzima na kimo kiko palepale, hapo ndo ugomvi unapoanza ndani ya nyumba.

Kuvutwa kunaweza kutokea sehemu tatu, kwenye faili, kwenye deki au boksi, na kwenye TV. Wengi wanaparamia TV, wanabonyeza zoom weee mpaka muvi ile ikae vizuri, kesho wakiweka nyingine imeharibika tena maana walikuwa wanafunika kosa la deki. Mi TV naiweka 16:9 halafu naachana nayo. Kama umechomeka kwa HDMI, ule waya mmoja wa picha na sauti, zima na ule ukataji wa kingo, LG wameandika Just Scan, Sony Full Pixel, Samsung ni Screen Fit au Fit to Screen, nyingine unakuta Dot by Dot au Overscan ambayo unaweka Off. Matokeo ya mpira yanarudi yote.

Deki ndo yenye mambo. Toa CD kwanza, maana deki nyingi zinakataa kubadilishwa hapo CD ikiwa inazunguka. Ingia Setup, tafuta TV Type au TV Display, utakuta 4:3 PS, 4:3 LB na 16:9. PS inakata pembeni, LB inaweka weusi juu na chini, zote mbili ni za wenye chogo. Deki ikidhani bado iko kwenye chogo inaweka weusi wake, TV nayo inavuta, unaishia na watu wanene na weusi juu na chini kwa pamoja, ukiona hivyo usihangaike, weka 16:9 basi. Kwa zile CD za zamani za 4 kwa 3, angalia kama deki ina neno Squeeze au Pillarbox, lichague. Kama haina, hapo tu ndo ruksa kugusa TV, weka 4:3, ukimaliza rudisha. Ukitaka uhakika chukua tepu ya fundi cherehani, kioo cha inchi 32 kina upana kama sentimita 71, picha ya 4 kwa 3 inatakiwa ikae kwenye 53 hivi.

Kwenye faili sasa. DVD za PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, zina nukta 720 kwa 576 iwe picha ni 4 kwa 3 au 16 kwa 9, namba ni hizohizo, kinachotofautisha ni alama ndogo ya kuiambia deki ivute kiasi gani. Anayekuhamishia CD ya harusi kwenye flashi akiitupa hiyo alama, ya 16 kwa 9 inatoka imebanwa, maharusi wamekonda. Akikwambia airenda upya, yaani atengeneze video nzima upya, kwa hela yako kataa, ubora utashuka bure. Faili la MKV lifungue kwenye MKVToolNix, programu ya kompyuta, sehemu ya kuhariri hederi (maelezo ya mwanzo wa faili), display width andika 1024, display height 576, bonyeza Save, sekunde chache tu. MP4 ipitishe humohumo itoke MKV. Kwenye VLC ya kompyuta kitufe cha A kinabadilisha umbo ila ni kwa kuangalia tu, faili linabaki vilevile. Wenye boksi lenye Kodi, ile programu ya kuchezea video, View mode iwe Normal na uiseve kwa video zote, maana inakumbuka kila faili kivyake.

Halafu muvi nyingi za sinema zimetengenezwa 2.39 kwa 1, kwenye flati lazima karibu robo ya kioo iwe nyeusi, si ubovu. Mjomba wangu wa Tandahimba hataki kusikia, "Mpwa, nimelipia kioo chote, nataka kijae." Nikamwekea zoom, pembeni inakatwa na maandishi ya chini yanaweza kupotea, lakini yeye anaangalia zilizotafsiriwa na madijei, maandishi ya nini.