Chasisi Yenye Kutu na Springi Mpya: Kipi Kitangulie?

SWALI: Nina gari la mwaka 1994 linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo bodi yake imekaa juu ya chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Nyuma linalala upande mmoja na kugonga kila linapopita kwenye shimo. Nilipochungulia uvunguni niliona kutu imeitafuna chasisi karibu na mahali springi za majani (mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine) zinapofungwa. Fundi anashauri tufunge springi na shokapu mpya kwanza, kisha tupake lami chini kote, na kutu tuishughulikie baadaye. Je, utaratibu huo ni sahihi?

JIBU: Sio sahihi, ndugu msomaji, na ninakusihi usikubali. Uzito wa gari na vishindo vyote vya barabara huingia kwenye chasisi kupitia vishikio hivyo vya springi. Springi mpya iliyofungwa kwenye chuma kilichooza itaendelea kukivuta mpaka kishikio kichomoke, pengine gari likiwa katika mwendo. Aidha, huenda springi haina kosa lolote, na gari linalala kwa sababu kishikio chenyewe kimepinda. Hivyo kabla ya kununua chochote, pima chasisi kimshazari kutoka tundu hadi tundu pande zote mbili. Vipimo visipolingana, chasisi imekwenda upande.

Kisha chukua nyundo ndogo na ugonge chasisi hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, ilhali kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka papo hapo. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo maana bati mbili zilizounganishwa huvimba na kuachana ingawa kwa nje rangi ingali nzuri. Dawa ya kugeuza kutu husaidia pale ambapo kutu ni ya juu juu tu. Haiwezi kurudisha unene ambao chuma kimekwisha kuupoteza.

Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kinachong'aa, na kiraka kiwe na unene usiopungua ule wa chasisi yenyewe. Kiraka chenye ncha kama almasi ni bora kuliko cha mraba, kwa sababu mshono uliokata chasisi wima huwa ndio mahali pa kuanzia ufa. Kabla ya kuchomelea, ondoa waya za betri, na uhakikishe tangi la mafuta na mabomba ya breki yameondolewa au yako mbali na moto. Matundu ya kutolea maji yasizibwe kamwe. Paka rangi ya msingi yenye zinki, halafu rangi ya juu, na upulize nta ndani ya chasisi, kwa kuwa kutu nyingi huanzia huko ndani. Lami ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu, na uozo huendelea pasipo kuonekana.

Sasa springi. Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia, pamoja na bushi zote (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye viungio vya springi) na zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, kwani hizo hurefuka zinapokazwa na hazifai kurudiwa. Bolti za zamani zilizoganda zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja au mbili kabla, na zikikataa, zipashwe moto badala ya kulazimishwa.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona mara nyingi, nalo huua bushi mpya kwa muda mfupi: kukaza bolti za bushi za mpira huku magurudumu yakining'inia. Mpira hushikwa ukiwa katika hali hiyo, kisha gari linaposhushwa hujisokota na kubaki umesokotwa siku zote mpaka uchanike. Zifunge kwa kulegea, lishushe gari lisimame kwa uzito wake, ndipo uzikaze kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza.

Baada ya kutembea kilomita mia chache, kaza tena zile bolti za U, kisha peleka gari likapimwe uelekeo wa magurudumu. Likivuta upande mmoja hata baada ya hapo, rudia kile kipimo cha kimshazari kabla ya kumlaumu aliyekuuzia springi.