Shangazi, Desemba hii naona giza

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mwanga, hapa Kigoma, nina miaka 38, nauza dagaa Kibirizi. Mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Tunavunja tarehe 20, watu wanne hawajarejesha mikopo na kila siku wananipigia mimi kuomba waongezewe muda. Shemeji zangu wawili wanakuja na familia zao kwa treni kutoka Dar, mama mkwe anatoka Kasulu, tutakuwa watu 13 kwenye vyumba vitatu. Binti yangu mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari. Maharage hayajapaliliwa, sebule haijapakwa rangi. Nashtuka saa nane usiku moyo unadunda, sipati usingizi tena mpaka alfajiri. Juzi mwanangu mdogo wa miaka 6 alimwaga chupa ya mawese, nikampiga, kisha nikaingia jikoni kulia. Mume wangu ni mtu mzuri, ila nikimwambia nimechoka anajibu kila mtu amechoka. Natamani nilale niamke Januari. (Na mimi nadaiwa na kikoba 280,000. Dagaa wangu walinyeshewa. Hakuna anayejua.)*
*— Mama Wawili, Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limesimama kwenye mabano. Wageni, maharage na rangi umeviandika kwa sauti kubwa. Deni umelinong'ona. Nadhani hilo ndilo linalokuamsha saa nane. Mchana unadai wenzako wanne, usiku unakumbuka kwamba wa tano ni wewe. Ndiyo maana huwezi kuwakatalia wakipiga simu, maana utawakatalia kwa mdomo gani?

Basi tuanze hapo. Hujaiba, mwanangu. Umenunua mzigo, mvua ikaukuta kwenye mchanga, na kila mwanamke wa Kibirizi anajua dagaa aliyelowa anauzwa bei gani. Hukusema una hisa kiasi gani, lakini wewe ndiye unayeandika daftari, kwa hiyo unajua. Tuseme ni 450,000. Vikoba vingi humkata mwanachama deni lake kwenye hisa siku ya mgao, naye huondoka na kinachobaki. Kwa hesabu hiyo utatoka na 170,000 kabla ya riba. Ni kidogo kuliko ulivyopanga, najua, lakini hakuna atakayekuja kubeba vyombo vyako. Angalia katiba yenu inasemaje, kisha nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya tarehe 20. Usingoje likatokea mbele ya watu kikaoni. Mwambie: "Mwenyekiti, nadaiwa 280,000, mzigo wangu uliharibika, naomba nikatwe kwenye hisa." Ukimaliza hilo, mkabidhi na majina ya wale wanne. Kuongeza muda ni uamuzi wa kamati, si wa mweka hazina akiwa anachagua mchele.

Na hapa nikuulize jambo. Sanduku la kikoba linalala kwako, sivyo? Vikundi vingi hulitia kufuli 3, na funguo huwekwa na watu 3 tofauti, ili mzigo wa fedha za watu usimlalie mtu mmoja. Mmelinda sanduku kwa akili hivyo. Mbona Desemba ya nyumba nzima umeitia kufuli moja, na ufunguo umeufunga kwenye kanga yako?

Mume wako simlaumu sana. "Nimechoka" ni neno ambalo kila mtu analo, hata yeye, kwa hiyo akilisikia anakurudishia la kwake. Mwonyeshe daftari. Kaa naye jioni watoto wakishalala, andika mbele yake: watu 13, siku kadhaa, mchele kilo ngapi, mkaa magunia mangapi, sare, begi, viatu vya shule. Shule za serikali ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini sare haikufutwa, na madaftari hayaji yenyewe. Andika na lile deni. Ndiyo, mwambie. Atakasirika kidogo, labda atanyamaza siku nzima. Lakini mtakuwa wawili mnaolijua.

Wageni ni ndugu zake, basi simu apige yeye, tena apige wiki hii, kabla hawajakata tiketi. Aseme hivi: "Karibuni sana, ila mwaka huu mambo yamebana. Mje na mchele na mafuta, au mtume hela mapema, na watoto watalala chini." Mtu anayesafiri kilomita zaidi ya 1,200 kuja kumwona mama yake hatashindwa kilo 20 za mchele. Mama mkwe naye usimfanye mgeni. Mama wa Kasulu anajua jembe na anajua jiko, mpe kazi, atafurahi kuliko kukaa kwenye kiti akikutazama ukihangaika.

Rangi ya sebule iache. Maharage usiyaache, maana magugu yakiyawahi umepoteza chakula cha miezi, na mvua za Desemba hazimsubiri mtu. Watoto wamefunga shule. Asubuhi mbili za watu wanne shambani zinatosha kwa kipande cha kawaida.

Mimi nimekulia Ujiji. Mama yangu alikuwa akianika dagaa ufukweni, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kutazama ng'ambo ya ziwa. Milima ya Kongo ikianza kupotea kwenye ukungu tulijua mvua inakuja, tunapiga kelele, wanawake wanatoka majumbani na beseni. Hakuna aliyeuliza dagaa hawa ni wa nani. Unazoa walio karibu na mguu wako, mambo ya kutenganisha mtayajua baadaye chini ya bati. Nimekumbuka hayo niliposoma kwamba dagaa wako walinyeshewa na hakuna anayejua.

Sasa mwili wako. Moyo kudunda usiku ni mwili unaodhani kuna hatari. Unatoa adrenalini ili ukimbie, kama umeona nyoka shambani. Nyoka hupita, deni halipiti, kwa hiyo mwili unabaki macho. Ukishtuka usishike simu. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, mara kumi hivi. Wazo likikung'ang'ania liandike kwenye karatasi iliyo kando ya kitanda, ulikute asubuhi. Chai ya rangi na kahawa za jioni zipumzishe. Na siku za mbalamwezi kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na mzigo unakuwa haba, usiende kugombania beseni mbili kwa bei ya kuruka. Lala.

Lakini pia nenda ukapime presha, zahanati yoyote, ni dakika chache. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanaenda mkononi au pumzi inakata, hiyo si ya kusubiri wageni waondoke. Nenda hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo.

Umeandika unatamani ulale uamke Januari. Nakuuliza kama mama: ni kuchoka tu, au kuna saa unatamani usiamke kabisa? Kama ni hilo la pili, mwambie mumeo leo, neno kwa neno, akupeleke hospitali. Madaktari wanalijua jambo hili na linatibika. Usilitie kwenye mabano.

Na leo jioni, kabla ya daftari na kabla ya mwenyekiti, mwite yule mdogo. Mkalishe karibu yako. Mwambie ile chupa ya mawese haikuwa kosa kubwa, na kwamba mama amekosea kumpiga.

Niandikie tena baada ya tarehe 20.

Shangazi