Kabla hujanunua kiwanja, uliza barabara ijayo itapita wapi

Ndugu na marafiki wanaoniomba niwasindikize kukagua viwanja huwa na swali moja: hati ni halali? Swali zuri, ila halitoshi. Hati inaweza kuwa safi, muuzaji akawa ndiye mwenye mali kweli, na bado sehemu ya kiwanja ikawa imeshatengewa barabara ambayo haitajengwa leo wala kesho.

Nimeliona hilo kwa macho. Kiwanja kilikuwa tambarare, mawe ya mipaka yote yapo. Tulipofika ofisi ya mipango miji tukaomba mchoro wa eneo zima, siyo wa kiwanja peke yake. Mistari miwili ya nukta nukta ilikuwa imekata upande wa nyuma, katikati pameandikwa upana wa barabara. Kiwanjani pale palikuwa na nyasi tu. Nyumba ambayo rafiki yangu alikuwa ameshaipanga kichwani ingekaa juu ya njia ya magari.

Halmashauri hutenga ardhi mapema kwa sababu kulipia nyasi ni nafuu kuliko kulipia nyumba na kuibomoa. Ramani ya New York ya mwaka 1811 ilichora mitaa 155 ya kukatiza Manhattan wakati sehemu kubwa ya kisiwa hicho ilikuwa bado mashamba. Kwa hiyo ukiukuta mstari, usikimbie kwanza. Uliza ni mstari wa aina gani, maana haki zako zinategemea jibu hilo.

Aina ya kwanza hutokana na kugawa shamba. Mwenye shamba anapoligawa viwanja, mara nyingi hupewa idhini kwa sharti la kuacha ukanda wa barabara. Mgawanyo ukishasajiliwa, ukanda huo kwa kawaida huwa wa umma, na aghalabu halipwi kitu, kwa hoja kwamba barabara ndiyo inayopandisha thamani ya viwanja vinavyobaki. Hata hivyo sharti lina kikomo. Katika kesi ya Dolan dhidi ya City of Tigard, mwaka 1994, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ardhi inayodaiwa lazima iendane kwa kadiri na athari za ujenzi unaoombewa kibali.

Aina ya pili ndiyo inayoniumiza roho. Mstari umo kwenye mpango tu. Ardhi bado ni yako, unalima, unaweza kuiuza, lakini kibali cha kujenga hupati na mnunuzi akisikia anarudi nyuma. Huko North Carolina, jimbo la Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliruhusu idara ya barabara kusajili ramani za namna hiyo na kuwazuia watu kujenga. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema huko ni kutwaa mali, na wenye ardhi wanastahili fidia. Ufaransa ina njia ninayoiona ya haki zaidi: mwenye ardhi iliyotengwa anaweza kuitaka mamlaka husika iinunue, nayo ina mwaka mmoja wa kutoa uamuzi.

Kuna pia mstari unaotaka jengo lirudi nyuma, mbali kidogo na barabara. Huo hauna shida kubwa: bustani ruksa, ukuta wa nyumba hapana.

Usiridhike na jibu la mdomo dirishani. Omba barua yenye namba ya kiwanja, tarehe na muhuri, ikieleza upana wa hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa, sheria iliyotumika, kama utengaji una muda wa kuisha, na nani atalipa fidia. Barua hiyo ipatikane kabla ya kusaini mkataba wa mauzo, siyo baada ya kulipa.

Na kama tayari unamiliki ardhi, fuatilia matangazo ya rasimu za mipango. Pale rasimu inapowekwa wazi kwa maoni, pinga kwa maandishi ndani ya muda uliotolewa, taja kiwanja chako, na ikiwezekana onyesha njia mbadala kwenye mchoro. Mpango ukishapitishwa, kinachobaki mezani mara nyingi ni kiasi cha fidia tu.