Unakwenda kulala jangwani mara ya kwanza? Anza na usiku

Safari yangu ya kwanza nilijiandaa kwa jua tu: kofia pana, miwani, mafuta ya kupaka, maji ya kutosha. Saa tisa za usiku nilikuwa nimejikunja hemani, meno yanagongana, nimevaa kila nguo niliyokuja nayo na taulo juu yake.

Hewa ya jangwani ni kavu na mbingu haina mawingu, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelipokea mchana kutwa hupotea upesi jua likishazama. Unaweza kuchomwa na nyuzi 40 mchana, ukaamka alfajiri kuna nyuzi zisizofika 10. Beba sweta zito, soksi nene, kofia ya sufi na mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa ajili ya baridi. Tena utandike kitu kinene chini. Mimi nilikuwa na mablanketi mawili, yote nikajifunika, na mgongo ndio ulionitesa, maana ardhi yenyewe ilikuwa inanyonya joto langu.

Kosa langu la pili lilikuwa ujuaji. Tulipofika nilikuwa nimeshachagua pa kupiga hema: kibonde cha mchanga laini, tambarare, kimekingwa na upepo. Mwongozaji wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alikitazama mara moja akaanza kuhamisha mizigo kwenda kwenye changarawe juu kidogo. Nikanung'unika. Kumbe kile kilikuwa mkondo wa mto mkavu. Mvua ikinyesha milimani, mbali kiasi kwamba hata ngurumo husikii, maji huteremka kwenye mikondo hiyo kwa kishindo, kwa kuwa ardhi ngumu haiyanywi kwa haraka. Usiku ule mvua haikunyesha, lakini tangu siku hiyo mahali pa kulala namwachia mwenyeji.

Changarawe isikushangaze. Hata Sahara, matuta ya mchanga ni kama robo yake tu. Kwingine kote ni mawe na kokoto. Mkilala kwenye mchanga wenyewe, vigingi vya kawaida vitang'oka upepo ukivuma. Jaza mifuko mchanga, ifunge kwenye kamba za hema, kisha uifukie.

Maji: weka hesabu ya lita 4 au 5 kwa kila mtu kwa siku, na unywe kabla ya kiu. Jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho. Kabla ya kulipia safari, muulize mwongozaji amebeba maji kiasi gani, na nani aliyebaki nyuma anajua saa mnayotarajiwa kurudi. Akikwepa maswali hayo, tafuta mwingine.

Ukipanda ngamia, egemea nyuma anapoinuka. Huanza na miguu ya nyuma, na wageni wengi huenda na kichwa mbele.

Viatu vikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa, nge hupenda kujificha humo. Na usiku ukitoka kwenda haja, mwambie mtu, chukua tochi, na uombe taa moja iachwe ikiwaka kambini. Matuta yote hufanana gizani, na nyayo ulizotegemea zikurudishe huenda upepo umeshazifukia.